Mwenye Homa Haingii

4 Aprili

Mdogo wangu, Daktari,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba bado tunagombana. Ujenzi umesimamishwa, kwa hiyo shemeji yako, fundi mwashi mzima, anashinda uani akinifundisha kufua. Shule ya mpwa wako imefungwa naye anafurahi bila hata haya. Mama anakusalimu. Picha yako imefika, ile uliyovaa koti jeupe mpaka magotini, na ameitundika juu ya kitanda chake mahali ilipokuwa saa ya ukutani. Saa imehamia sakafuni. Mtaa mzima umeshapita kukutazama, kila mtu akikaa mbali na mwenzake kama tulivyoagizwa, isipokuwa jirani mwenye redio, ambaye hajaagizika tangu azaliwe. Wote wanakuita Daktari sasa. Zoea tu.

Usinitafute kwenye simu. Ilinichopoka ikazama ndani ya karai la mashuka, na mafundi wa simu wamefungiwa maduka yao. Mabasi nayo yamezuiwa. Barua hii anakuletea dereva wa lori la vitunguu, yule tunayemwita Breki kwa sababu ndicho kitu ambacho lori lake halina. Malori ya chakula yanaruhusiwa kupita. Vitunguu haviambukizi, wamesema wakubwa.

Sasa nikueleze kilichonikalisha chini kuandika. Mama anaumwa. Alianza na maumivu ya upande mmoja, chini ya mbavu kuelekea kiunoni, kisha ikaja homa, na jioni anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nikampeleka hospitali. Tulikwenda kwa miguu, anapumzika kwenye baraza ya kila duka lililofungwa. Getini kuna mtu ameshika kidude kama bastola ya kuchezea watoto, anakuelekezea kwenye kipaji cha uso. Kikalia. Akasema, "Ana homa huyu. Mwenye homa haingii."

Nikamwambia, "Kaka, homa ndiyo iliyotuleta."

"Wenye homa wanaenda hemani, dada."

Hema nimeliona. Mlango umefungwa kamba, ndani viti vya plastiki vimepangwa vizuri kama vinasubiri arusi, na mtu hayupo. Nikarudi kumuuliza wahudumu wa hema wako wapi. Akasema hawajaletwa. Nikamuuliza wataletwa lini. Akasema nisimsogelee.

Basi tumefikia zama za hospitali kupokea wazima peke yao. Na tukiwa tunabishana hapo likapita gari la matangazo likituhimiza tunawe mikono kwa maji yanayotiririka. Bomba la mtaa wetu lilitiririka mara ya mwisho kabla huu ugonjwa haujapewa jina! Mimi dobi, nayasaka maji kwa ndoo alfajiri, halafu mtu aliyekaa ndani ya gari ananifundisha kunawa.

Wewe ni mtu wa hospitali. Niambie mlango wao unaingiwaje. Jibu haraka, mpe Breki.

Mimi dada yako

*

17 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka vitunguu, nikatokwa machozi kabla sijaifungua. Mimi mzima. Chumba ni kilekile, tunalala kwa zamu, anayeamka anamwachia mwenzake godoro likiwa bado na joto, na ukutani tumebandikiwa tangazo kwamba tukae mbalimbali. Shemeji mwambie aendelee kujifunza, huenda kufua kukamfaa kuliko ukuta alioujenga kwa jirani. Mpwa wangu asome, hata kama ni maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Mama mwambie nipo, na namuwaza.

Huku nako ni vituko. Hospitali yetu ina mageti mawili yanayopakana, moja la magari na moja la watembea kwa miguu. Kipimo cha homa kiko kwa watembea kwa miguu tu. Magari hayapimwi. Mtu akija na gari la vioo vyeusi, kizuizi kinainuliwa hata hajapiga honi, anaingia akikohoa mpaka gari linatikisika, na ndani wanamkimbilia na kiti cha magurudumu. Juzi mkurugenzi alitukusanya kutuambia kwamba ugonjwa huu haubagui mtu. Aliyasema hayo akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa upana wa vidole viwili. Na hema sisi pia tunalo. La kwetu lina zulia. Kamba ya mlangoni ni ileile.

Kuhusu Mama, nisikilize vizuri na usiniulize nimejuaje. Kile kidude hakipimi mwili, kinapima ngozi ya kipaji cha uso. Mpe vidonge vya kushusha homa kabla hamjatoka nyumbani. Mkikaribia getini mkalishe kivulini, umfunge kitambaa kibichi kwenye kipaji mpaka ngozi ipoe. Kisha umfute akauke kabisa, kwa sababu wakiona unyevu wanashtuka. Akifika mbele asiombe na asieleze. Anayejieleza ndiye anayepimwa mara mbili. Apite kama mtu aliyefuata majibu yake ya juzi.

Akishaingia, kazi imekwisha. Ndani kuna madaktari, watajua la kufanya.

Wale wa getini usiwachukie sana. Ni watu wadogo, wanafanya wanaloambiwa.

Mdogo wako

*

1 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shemeji yako ameunguza shuka la mteja kwa pasi, sasa amerudishwa kwenye cheo cha kubeba ndoo. Mpwa wako amekusikia, anasoma pakiti za sabuni na anatusahihisha tunavyofua. Mama anakusalimu, ila anakusalimu akiwa amelala.

Tulifanya ulivyosema. Tulikaa nyuma ya kibanda cha muuza maji, mimi nachovya kitambaa, nakamua, nambandika, na Mama anacheka anasema hajawahi kufuliwa na binti yake. Nikamfuta akakauka. Akanyoosha mgongo, akapita mbele ya kile kidude kichwa juu, hata mimi nikaamini mzima. Hakikulia. Mlinzi akasema, "Pita, mama." Nikakubariki wewe na ukoo wetu wote.

Halafu tukamkuta daktari. Alikaa upande wa pili wa pazia la plastiki, sisi tukakalishwa mbali kana kwamba tumekuja kumwibia. Nikamwambia Mama ana homa, anatetemeka jioni, anaumwa hapa chini ya mbavu. Muuguzi akampima tena.

"Hana homa," akasema daktari.

"Anayo, daktari. Kila siku anayo."

"Dada, angekuwa na homa asingepitishwa getini."

Nijibu nini hapo? Nikisema tumempoza, tunatolewa nje kwa udanganyifu. Nisiposema, hana homa. Na mlinzi mwingine alikuwa amesimama palepale mlangoni. Daktari akasema huo ni mgongo wa uzee na wa kuinama kwenye makarai, akaagiza dawa za kutuliza maumivu, akaita mwingine. Hakumgusa. Mimi shuka la mtu nisiyemjua nalishika, nalikunjua, nalinusa, natafuta doa lilipo. Yeye ana mama wa watu mbele yake na anamtazama kama anavyotazama mvua dirishani.

Zile dawa zinamtuliza anapata usingizi, kisha homa inarudi kwa hasira. Sasa mkojo wake una rangi ya chai. Jirani mwenye redio anasema tumrudishe, lakini Mama hawezi tena kutembea mpaka huko, na mikokoteni ya kubeba watu wameipiga marufuku.

Mengine mawili. Mama aliibeba picha yako kwenda kumwonyesha daktari. Aliyoyasema daktari nitakuambia siku nyingine, leo sina moyo. La pili, yule mlinzi wa getini alivaa koti jeupe, refu mpaka magotini, mfuko mmoja upande wa kushoto. Nimelitazama sana koti lile.

Dada yako

*

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Salamu kwa wote, nitawasalimu vizuri siku nyingine, Breki amewasha injini ananisubiri.

Kosa, dada! Sikukuambia la kufanya mkishaingia. Kwa kweli sikuwahi kulifikiria. Mimi najua ya mlangoni tu. Mrudishe Mama haraka, na safari hii usimpoze. Usimpe kidonge, usimwekee kitambaa. Afike na homa yake yote, wamshike mkono waungue. Mkojo wa rangi ile na maumivu ya pale ni figo, nimemuuliza muuguzi mmoja hapa, akasema hilo si jambo la kungoja.

Geti la miguu hamtapita. Tafuta chombo chochote chenye injini. Huku kwetu chenye injini hakipimwi na sidhani kama huko wana akili zaidi. Mwombe mwenye gari, mwombe wa taka, mwombe yeyote.

Daktari alisema nini kuhusu picha? Niambie tu. Na makoti meupe yako mengi duniani, dada.

Mdogo wako

*

7 Juni

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako anakusalimu. Jirani mwenye redio naye amesema nikusalimu, na ameizima redio yake tangu wiki iliyopita, jambo ambalo hata kifo cha mumewe hakikuliweza.

Wanaokusalimu ni hao tu. Mama tumemzika.

Barua yako uliyoiandika kwa haraka ile ilinifikia mwisho wa mwezi. Lori la Breki lilikufa njiani, na aliyekuwa na kipuri amefungiwa duka, kwa hiyo Breki alilala chini ya lori lake na barua yangu mfukoni mpaka vitunguu vikaanza kuota majani. Simlaumu. Alipofika aliileta mwenyewe mpaka chumbani, akamwona Mama, akavua kofia. Nikaisoma palepale wima. Nikamwambia, "Mdogo wangu amesema chombo chenye injini." Breki akasema, "Na mimi kesho nina mzigo wa jiko la hospitali. Kwa nini tungoje kesho?"

Tukamlaza Mama juu ya magunia, tukampandisha mimi na shemeji yako, na mwili wake ulikuwa wa moto mpaka nauhisi kupitia khanga. Kwenye geti la magari mlinzi aliona lori, akauliza, "Vitunguu hivyo?" Breki akajibu, "Vitunguu." Kizuizi kikapanda. Hata saluti tulipigiwa. Mwanamke yuleyule waliyemfukuza kwa miguu, wamempokea kwa heshima zote akiwa amechanganywa na mboga.

Mpishi ndiye aliyemshusha. Mpishi ndiye aliyekimbia kuita watu, na aproni yake. Akaja daktari mwingine, kijana, akamgusa, ndiyo, huyo alimgusa, akambonyeza pale chini ya mbavu na Mama akapiga kelele sijawahi kuisikia kwake. Wakachukua damu, wakakimbia huku na huku, nami nikaanza kuwa na matumaini kama mjinga. Kisha akatoka akaniambia figo imejaa usaha na usaha umeingia kwenye damu.

"Mmechelewa sana kumleta," akasema. "Kwa nini nyinyi watu mnapenda kukaa na wagonjwa nyumbani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka muuguzi akanishika bega akidhani akili imeniruka. Tunapenda! Tunapenda mdogo wangu, ni starehe yetu, wenzetu wanapenda kwenda kuogelea. Mama alikata roho kabla chupa ya kwanza ya dawa haijaisha. Jioni ile redio ya jirani ikaleta mkubwa mmoja akisema vifo vinatokana na wananchi kukosa elimu ya kuwahi hospitali, na kwamba watatuletea elimu hiyo kwa gari la matangazo. Ndipo jirani alipoizima.

Sasa nikulipe lile nililokuficha. Siku ile tuliyompoza, Mama alimwonyesha daktari picha yako kupitia lile pazia la plastiki. Akamwambia, "Huyu mwanangu ni mwenzenu. Daktari." Yule bwana akatazama, akatabasamu upande mmoja, akasema, "Huyu ni mlinzi, mama. Hayo makoti wamepewa walinzi wa getini ili watu wawatii." Kumbe homa hakuiona, lakini koti aliliona mara moja.

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mama hakutikisika. Aliirudisha picha kwenye khanga taratibu, akamjibu, "Basi yeye ndiye anayewafungulia watu." Akatoka nayo kichwa juu. Aliirudisha ukutani palepale.

Nilikasirika nawe, na hasira haijaisha. Si kwa ajili ya koti. Mtu anavaa anachopewa. Nimekasirika kwa sababu uliniandikia kwa ustadi namna ya kumpitisha mmoja, nami nikaelewa kwamba ustadi huo umeupata kwa kuwazuia wengine. Tulimpoza vizuri mno, mdogo wangu. Tulimpoza mpaka hakuna aliyemwona.

Wewe ndiye unayejua unamfungulia nani. Mama alikwenda akiamini ni kila mtu.

Saa nimeirudisha ukutani. Picha amezikwa nayo.

Dada yako

*

21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesikia salamu za waliopo. Wape pole, na wewe pokea pole yangu ingawa najua haina pa kukaa.

Barua yako niliisoma getini, nimevaa koti. Ndiyo, ni koti la walinzi, na kidude ninakishika mimi. Nimekishika tangu siku zuio lilipoanza.

Kazi sina tena. Nitapanda lori la Breki safari yake ijayo, na nikifika unifokee ana kwa ana, kwenye karatasi naona unajizuia. Lakini kabla hujasikia kutoka kwa Breki, ambaye atatia chumvi, nikueleze ilivyokuwa.

Siku ya pili baada ya barua yako, mwenzangu wa geti la magari alikwenda kunywa chai nikabaki na mageti yote mawili. Likaja gari la mkurugenzi. Sikuinua kizuizi. Dereva akapiga honi, nikasimama. Kioo cha nyuma kikashuka vidole viwili, nikaomba kishuke zaidi. Bwana mkubwa alikuwa amejikunyata kwenye kiti, shali shingoni, jasho linamtiririka. Nikamwelekezea kidude kwenye kipaji cha uso. Kikalia, dada. Kikalia kwa nguvu kama siku zote.

Nikamwambia, "Una homa, mheshimiwa. Mwenye homa haingii."

Akanitazama kama kiti kilichoongea. "Homa ndiyo iliyonileta, mpumbavu wewe!"

Maneno yaleyale uliyoyasema wewe, ukiondoa la mwisho. Nikamwambia utaratibu ni wake, saini ni yake, imebandikwa hapo ukutani akitaka kuisoma. Akauliza sasa aende wapi. Nikamwonyesha hema.

Walitoka mbio ndani, wasimamizi, wauguzi, mtu wa kiti cha magurudumu, kila mmoja ananitukana huku akimbembeleza yeye, na kizuizi wakainua wenyewe. Alitibiwa, usiwe na wasiwasi. Hakuchelewa hata kidogo. Mimi niliambiwa nivue koti palepale na nikabidhi kidude. Koti nikavua. Kidude nilikuwa nimeshakitia mfuko wa suruali, nikawaambia nimekiacha geti la miguu, nikifuate.

Foleni ya watembea kwa miguu ilikuwa ndefu, na wakubwa wote walikuwa bado wamezunguka gari. Nikafungua mlango wote, pande mbili. Hakuna aliyesogea. Wamezoea kuzuiwa, wakadhani ni mtego. Nikawaambia, "Piteni, ndugu zangu, leo hapapimwi." Mzee mmoja akajaribu mguu mmoja kwanza, kisha wakaanza kumiminika.

Mwishoni nikamwona binti nyuma ya nguzo, kivulini, amemkalisha mama yake. Alikuwa anamfuta kipaji cha uso kwa haraka kikauke, na kitambaa kibichi amekificha mkononi. Aliponiona nimemwona akaganda.

Nikamwambia asimpoze. Amwingize na homa yake.

Mdogo wako